Jeshi ni la nani? Habari ya makamisaa wa siasa

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita, Morogoro, mbele ya walimu wa historia na wanafunzi wao wa kidato cha sita. Walioshindwa kufika wameyaomba, nami nayaweka yote. Picha za ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mlioacha shughuli zenu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa mkidhani sitawaona: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nianze na jua la saa nane mchana. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria wanalijua jua lile. Umeamshwa saa kumi alfajiri, umekimbia mchakamchaka, umelima mpaka viganja vimechubuka, umekula ugali na maharage, na sasa kila kiungo kinadai usingizi. Hapo ndipo firimbi inapolia: somo la siasa! Mnakaa chini ya mwembe, kuruta kwa mamia, na mbele yenu anasimama afande mmoja mfupi, mwenye sauti ya upole na daftari la jalada gumu kwapani.

Huyo ndiye alikuwa kamisaa wetu, yaani afisa wa siasa jeshini. Kila siku alianza kwa swali lile lile. Jeshi ni la nani? Tunaitikia: la wananchi! Na wananchi ni nani? Ni sisi! Aliyekutwa amesinzia alisimamishwa na kuulizwa peke yake, na ole wake akijibu kwamba jeshi ni la serikali.

Nina mambo mawili ya kusema juu ya afande yule. La kwanza: alikuwa akila mwisho. Alisubiri kuruta wa mwisho apakuliwe, ndipo naye asogeze bakuli lake kwenye sufuria ile ile, apewe ukoko kama ukoko ndio uliobaki. Nilipougua malaria, ni yeye aliyenishikia ndoo usiku kucha nikitapika. La pili: lile daftari. Mwenzangu mmoja wa hanga moja alifanya mzaha Jumanne usiku, juu ya sukari isiyoonekana madukani. Alhamisi asubuhi aliitwa ofisini akasomewa mzaha wake, neno kwa neno, kutoka kwenye daftari.

Sasa niambieni. Yule aliyenishikia ndoo na yule aliyeandika mzaha wa rafiki yangu, ni mtu mmoja au watu wawili? Miaka karibu arobaini nimelibeba swali hili, na leo nimekuja kulitua hapa kwenu.

Twende kwanza alikozaliwa mtu huyu. Ni Urusi, mwaka 1918. Wabolsheviki, chama cha kikomunisti cha Lenin, wameshika dola, wana vita pande zote, na hawana maafisa wanaojua vita. Wanaojua ni wale wale wa mfalme waliyempindua. Leon Trotsky, aliyepewa kazi ya kujenga Jeshi Jekundu, akaamua jambo lililowakera wenzake wengi: tuwachukue hao hao. Kufika mwaka 1920 maafisa wa zamani zaidi ya 40,000 walikuwa wameingizwa katika jeshi la mapinduzi.

Fikirini hatari yake. Umemnyang'anya mtu cheo, umechukua shamba la baba yake, halafu unamkabidhi kikosi na bunduki na kumwambia akutetee! Nani kati yenu angelala usingizi?

Ndipo akawekwa kamisaa. Kila kamanda akapewa mwenzake, mtu wa chama, wa kukaa naye na kusafiri naye. Kamanda anaandika amri, kamisaa anaweka saini. Amri isiyo na saini ya pili si amri. Na kamanda alijua kwamba majina ya mke na watoto wake yameandikwa mahali, na kwamba akikimbilia upande wa pili wao ndio watakaoulizwa.

Lakini msidhani kamisaa mwenyewe alikaa pazuri. Agosti 1918, kwenye Mto Volga karibu na mji wa Kazan, kikosi kimoja kilichotoka Petrograd kilishikwa na hofu, kikaacha mstari wa mbele na kuteka meli ili kikimbie. Walirudishwa, mahakama ya vita ikakaa hapo hapo. Aliyepigwa risasi pamoja na kamanda ni kamisaa wao, Panteleev, mwana chama. Trotsky alikuwa ameshatangaza kwamba kikosi kikirudi nyuma bila amri, wa kwanza kupigwa risasi ni kamisaa na wa pili ni kamanda. Sikieni mpangilio huo. Wa kwanza, kamisaa.

Kwa hiyo alikuwa macho ya chama, na pia alikuwa dhamana ya chama. Adui naye aliliona hilo. Tarehe 6 Juni 1941, siku kumi na sita kabla ya kuivamia Urusi, makao makuu ya jeshi la Hitler yalitoa amri kwamba makamisaa watakaokamatwa wasihesabiwe kuwa mateka, wauawe. Walitambulika kwa nyota nyekundu iliyoshonwa kwenye mkono wa koti. Katika ngome ya Brest, mpakani kabisa, kamisaa Efim Fomin alipigana siku nane akiwa amezingirwa. Alipokamatwa tarehe 30 Juni alitolewa nje ya lango akapigwa risasi. Alikuwa kamisaa na alikuwa Myahudi. Kwa Wajerumani wale alihukumiwa mara mbili kabla hajafungua kinywa.

Watu kama Fomin ndio wanaonizuia kuwacheka makamisaa wote kwa jumla, kama ilivyo desturi siku hizi.

Sasa kuna methali yetu ya pwani: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Warusi hawana methali hiyo lakini waliisoma kwa damu. Angalieni jinsi walivyoyumba. Mwaka 1925 walianza kumrudishia kamanda mamlaka peke yake, kwa sababu sasa maafisa wao wenyewe walikuwa wamehitimu. Mwaka 1937 Stalin anawashuku majenerali wake: makamisaa wakarudishwa wakiwa na saini zao. Mwaka 1940, baada ya vita ngumu na Finland, wakafutwa. Julai 1941 Wajerumani wanakuja kwa kasi: wakarudishwa tena. Oktoba 1942 wakafutwa safari ya mwisho, na afisa wa siasa akabaki kuwa naibu chini ya kamanda. Walimu, mkitaka wanafunzi wakumbuke, waambieni hivi: chama kikiogopa jeshi lake, saini zinakuwa mbili, kikiogopa adui, inabaki moja. Mwaka 1941 tu ndio unaoharibu kanuni yangu, kwa sababu mwaka ule waliogopa vyote viwili.

Na kwa nini Oktoba 1942? Sababu ni nyingi, lakini mojawapo ina jina: Lev Mekhlis. Huyu aliwahi kuongoza idara nzima ya siasa ya Jeshi Jekundu. Mapema mwaka 1942 Stalin alimtuma rasi ya Kerch, huko Crimea, awe macho yake. Kamanda pale alikuwa Jenerali Kozlov. Mekhlis hakuridhika kuwa macho. Akawa mikono, akawa mdomo, akawa kila kitu. Inasimuliwa kwamba alikataza askari kuchimba mahandaki ya kujikinga, kwa hoja kwamba askari akishazoea shimo hatasonga mbele tena. Majeshi matatu yakajazana kwenye shingo nyembamba ya ardhi, mgongoni wana bahari.

Tarehe 8 Mei Wajerumani walishambulia. Hata wiki mbili hazikuisha, habari ilikuwa imekwisha. Askari zaidi ya 150,000 walipotea, wafu na mateka.

Na Mekhlis alifanya nini mashambulizi yalipoanza? Alimpigia simu ya maandishi Stalin kumshtaki Kozlov, akaomba jenerali mwingine. Stalin, ambaye hakuwa mtu wa huruma lakini alijua kusoma barua, alimjibu kwamba amejiweka katika nafasi ya ajabu, ya mtazamaji asiyehusika na mambo ya Kerch, na kwamba yeye Stalin hana akina Hindenburg wa akiba. Hindenburg ni yule jemadari mashuhuri wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza. Mekhlis alishushwa cheo. Walioachwa ufukweni hawakuwa na cheo cha kushushwa.

Mnaona tofauti? Panteleev aliwajibika kwa kosa la wengine. Mekhlis alikuwa na sauti katika kila amri, na siku ya hesabu akataka awe shahidi. Saini mbili zikiwa juu ya karatasi moja, kila mwenye saini anamtazama mwenzake.

Ethiopia nitaipita haraka, ingawa ni jirani. Jeshi la Mengistu, mtawala wa kijeshi wa huko, liliwekewa pembe tatu: kamanda, kamisaa, na mkaguzi. Februari 1988 Mengistu alimuua kamanda wake wa mstari wa Eritrea, Jenerali Tariku Ayne. Mwezi uliofuata mji wa Afabet ulianguka mikononi mwa wapiganaji wa Eritrea. Hiyo inatosha.

Nimesema mabaya, niende Uchina, maana kule kuna hadithi ninayoipenda, na ni hadithi ya milango.

Septemba 1927 Mao Zedong anarudi nyuma na mabaki ya kikosi kilichopigwa, watu wasiofika elfu. Wanapumzika kijiji kinachoitwa Sanwan, jimbo la Jiangxi. Hawana mishahara, wengine wanatoroka usiku. Hapo Mao alifanya mambo matatu. Tawi la chama likawekwa ndani ya kila kombania, si juu makao makuu. Maafisa wakakatazwa kuwapiga askari. Na askari wakaunda kamati zao, pamoja na haki ya kukagua hesabu za chakula. Afisa na askari, chungu kimoja.

Baadaye zikatungwa kanuni za mwenendo kwa wanakijiji. Nyingine mngezitarajia: nunua kwa bei ya haki, ulichoazima rudisha, ulichovunja lipa, sema na watu kwa adabu. Lakini mojawapo ya kanuni za mwanzo ilisema: rudisha mlango. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuelewa. Mlango gani? Kumbe nyumba za vijiji vile zilikuwa na milango ya mbao inayong'oka kwenye bawaba zake, na askari wakifika usiku huing'oa wakaitumia kama vitanda. Asubuhi wanaondoka. Na mama mwenye nyumba amebaki na mbuzi wake, nyumba iko wazi, mlango wake umetupwa uwanjani pamoja na milango mingine kumi, na mlango wa nyumba hii hauingii kwenye nyumba ile.

Basi kazi ya mtu wa siasa asubuhi ile ilikuwa nini? Kusoma hotuba? Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mlango umerudi kwenye nyumba yake, na nyasi za kulalia zimefungwa mahali zilipotolewa. Ukimuuliza yule mama jeshi ni la nani, atakujibu kwa kuutazama mlango.

Kule Uchina ilitokea hata kamanda na kamisaa wakashibana. Januari 1938 Deng Xiaoping, aliyekuja baadaye kuiongoza Uchina, alipelekwa kuwa kamisaa wa Divisheni ya 129. Kamanda alikuwa Liu Bocheng, mzee wa vita, jicho moja alilipoteza ujanani vitani. Walifanya kazi pamoja zaidi ya miaka kumi, watu wakaliita jeshi lao Liu-Deng, kama jina la mtu mmoja. Fahali wawili, zizi moja! Inawezekana, lakini hesabuni wamepatikana wangapi wa namna hiyo. Na hata Uchina ya leo, ambako kamisaa bado yupo katika kila brigedi, Novemba 2024 aliyesimamishwa kazi ili achunguzwe alikuwa Miao Hua, mkuu wa idara ya kazi ya siasa ya jeshi zima. Mkagua uaminifu wa wengine, naye kakaguliwa.

Sasa turudi nyumbani, maana naona wazee wananitazama kwa jicho la kuuliza: na sisi je?

Na sisi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara na walitaka maafisa Waingereza waondoke. Serikali iliyopata uhuru majuzi ililazimika kuwaita Waingereza hao hao waje kuzima maasi, na tarehe 25 makomando wao wakatua. Fedheha ile ndiyo iliyozaa jeshi jipya. La zamani lilivunjwa, na Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi, vijana wake wa mwanzo wakitafutwa katika Umoja wa Vijana wa TANU. Matawi ya chama yakafunguliwa makambini. Makamisaa wakaja.

Angalieni kwamba hofu yetu haikuwa ya Trotsky. Yeye aliogopa maafisa wa mfalme. Sisi tuliogopa jeshi la kukodishwa, jeshi linalodhani kazi yake ni mshahara tu. Dawa ikawa ile ile, na wakati mwingine hata daktari alikuwa yule yule, maana wakufunzi wa Kichina walikuwa hapa.

Nachingwea kulikuwa na kambi kubwa ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na kamisaa wao wa taifa, Armando Guebuza, alikuja kuwa Rais wa Msumbiji kuanzia 2005 hadi 2015. Uganda mpaka leo jeshi lina kamisaa mkuu wa siasa, na Kizza Besigye, kabla hajawa mpinzani mkubwa wa Museveni, alikuwa kamisaa wa siasa wa taifa wa Museveni huyo huyo. Hapa kwetu, mkufunzi mkuu wa siasa na kamisaa wa chuo cha kijeshi cha Monduli, kuanzia 1984 hadi 1986, aliitwa Jakaya Kikwete. Mwaka 1992 vyama vingi viliporudi na mwanajeshi akakatazwa kuwa mwanachama wa chama chochote, ilibidi achague. Akavua magwanda akiwa luteni kanali, akabaki kwenye siasa. Mengine mnayajua.

Mnaona kitu? Kazi ile ilikuwa chuo cha viongozi wa nchi. Deng, Guebuza, Kikwete. Hata Brezhnev, aliyekuja kuitawala Urusi ya Kisovieti, aliimaliza vita ya Hitler akiwa mtu wa siasa. Si ajabu. Mtu anayelipwa kukaa na watu, kuwasikiliza, kujua nani ana njaa na nani ana chuki, kisha kusimama mbele yao saa nane ya jua na kuwafanya waitikie, unadhani anajifunza kazi gani?

Nimalizie na mtu ambaye hakuwa rais wa popote. Naomba hii mnisikilize vizuri.

Novemba 1975 manowari ya Kisovieti iitwayo Storozhevoy imetia nanga Riga, imekuja kwenye sherehe za mapinduzi. Afisa wake wa siasa ni Valery Sablin, umri miaka 36, mhitimu wa chuo kikuu cha kijeshi na siasa cha Moscow chenye jina la Lenin. Mwalimu wa walimu. Kila siku anawafundisha mabaharia kwamba dola ni ya wafanyakazi.

Tatizo la Sablin ni moja tu. Aliamini.

Alitazama wakubwa wa chama na maduka yao maalumu na vyeo vyao vya kupeana, akaona hawafanani na masomo anayofundisha. Usiku wa tarehe 8 alimwambia nahodha kwamba kuna utovu wa nidhamu chini, kwenye chumba cha mitambo ya kusikilizia baharini. Nahodha akashuka. Sablin akafunga mlango juu yake.

Mabaharia walikuwa wanaonyeshwa filamu, ile ya zamani juu ya manowari Potemkin, ambayo watu wake waliasi mwaka 1905. Si yeye aliyeitunga. Ilikuwa filamu halali ya serikali, iliyoonyeshwa vijana kwa miaka mingi ili wajivunie maasi. Akawaita maafisa akawaeleza shabaha: kupeleka meli Leningrad na kusema na wananchi kwa redio, kwamba mapinduzi yameibiwa na yafanywe upya. Kisha akawapigisha kura kwa kete za drafti. Kete nyeupe, uko nami. Kete nyeusi, hauko nami. Fikirini mkono wa afisa kijana umeshika kete ile, na nahodha anagonga mlango huko chini.

Waliogawanyika walikuwa karibu nusu kwa nusu. Waliokataa walifungiwa. Mmoja akateleza nje akaenda kutoa habari, na mwanzoni hakuaminiwa: afisa wa siasa aasi? Haiwezekani! Meli iliondoka gizani. Wakubwa wakadhani inakimbilia Sweden, kwa sababu hawakuweza kuwaza sababu nyingine. Asubuhi ndege zikatumwa, mabomu yakaharibu usukani, meli ikaanza kuzunguka. Mabaharia wakamfungulia nahodha. Nahodha akapanda na bastola akampiga Sablin mguuni.

Sablin aliuawa tarehe 3 Agosti 1976, kwa kosa la kuisaliti nchi.

Chama kiliweka kamisaa kila meli ili kimchunge nahodha mwenye mawazo ya hatari. Safari hii nahodha hakuwa na wazo lolote. Mwenye wazo alikuwa mchungaji, na wazo lenyewe alilitoa kwenye vitabu alivyopewa afundishie.

Nilipoisoma habari hii nilimkumbuka afande wetu chini ya mwembe. Nilikutana naye mara moja baadaye, miaka ya tisini, stendi ya mabasi, amevaa shati la kiraia lililomzidi mabega. Nilimwamkia, akanikumbuka kwa jina na kwa malaria. Nikamuuliza kwa utani: afande, siku hizi jeshi ni la nani? Akacheka sana, halafu akageuka kutazama nyuma yake kabla ya kunijibu. Basi lake likapigiwa kofi ubavuni na utingo, akapanda, na jibu sikulipata.

Ahsanteni kwa kunivumilia. Pilau nainusa kama ninyi mnavyoinusa, lakini mwenyekiti amesema maswali kwanza. Yule kijana wa nyuma, mwenye sweta ya kijani, ulinyoosha mkono tangu habari za milango. Simama, usiogope.